Kitabu cha Mama Mkubwa

Mama mzee akifika stejini, pale tunapoegesha bodaboda zetu, asubuhi na mapema akiwa na mtoto mgongoni, hatumuulizi anakwenda wapi. Anakwenda kituo cha afya. Mtoto ana homa, usiku hakulala, na bibi ametembea kutoka shambani hadi barabarani akiwa na kitabu ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, kavera ndani ya kikapu. Kinachobaki ni kubishana bei. Mimi nasema shilingi 4,000 za Uganda, yeye anasema 2,000, tunakutana kwenye 3,000, au kwenye 2,000 na mihogo mitatu.

Nimeendesha bodaboda tangu 2014, Busia, upande wa Uganda, barabara ya kuelekea Majanji. Stejini kwetu kuna Msamia, Mteso, Mganda, Mnubi, na ugomvi wetu wote tunaufanya kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe anavyotukanwa. Ni kazi inayokufundisha watu. Lakini ilinichukua miaka mingi, aibu yangu, kuona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu kila wiki: wale akina kukhu, kama tunavyowaita bibi zetu huku Usamia, nilikuwa nawapeleka hospitali mara kwa mara, na mgonjwa hakuwa yeye. Mgonjwa alikuwa mgongoni.

Kuna mmoja wa upande wa ziwani ambaye akishuka ilinibidi nibane pikipiki kwa mikono na magoti, kwa jinsi alivyojiegemeza begani kwangu. Miguu yake ilikuwa imevimba hivi kwamba ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nikamwambia, "Kukhu, ukimaliza na mtoto, na wewe waambie wakupime." Akacheka. "Mimi naumwa uzee, mwanangu. Uzee una dawa?" Akaingia, akatoka na dawa za malaria za mjukuu, tukarudi tukipiga hadithi za mvua. Mwaka uliofuata nilibeba masufuria ya kupikia kwenye matanga yake.

Siku hizo nilidhani ni ukaidi wa wazee. Wenzangu pia walisema hivyo: hawa kina mama wanapenda mitishamba, wanaogopa sindano, na hospitali ni bure, sasa wanataka nini?

Bure ni kweli. Malipo katika vituo vya serikali yalifutwa Machi 2001, mwezi wa uchaguzi, na mpaka leo ukienda kituoni hakuna dirisha la kulipia. Ila hiyo bure inaanzia getini. Kabla ya geti kuna mimi na 3,000 zangu za kwenda na 3,000 za kurudi. Kuna kitabu cha kuandikiwa, maana kituo hakitoi karatasi, mgonjwa anakuja na daftari lake la shule. Kuna glavu ambazo siku nyingine zipo na siku nyingine unaambiwa ukanunue dukani ng'ambo ya barabara. Kuna dawa: vile vidonge vya serikali vilivyopigwa alama ya UG vinapokelewa kila baada ya miezi miwili, na kijiji kizima kinajua gari limekuja lini, kwa hiyo wiki ya kwanza foleni inafika kwenye mwembe na wiki ya sita musawo, yaani mganga wa kituo, anakuandikia jina la dawa ukatafute mwenyewe. Na kuna nyumbani. Ukimtoa bibi nyumbani siku nzima, nani atawapa wajukuu chakula, nani atafungua mbuzi, nani atafukuza kuku kwenye muhogo ulioanikwa? Kwa mtoto mwenye homa, yote hayo yanawezekana. Kwa mgongo wake mwenyewe, yanaahirishwa mpaka baada ya kupalilia.

Hayo niliyaelewa mapema, maana ni hesabu, na bodaboda anajua hesabu. Ambacho sikukielewa kilikuwa kimekaa nyuma yangu kwenye kiti.

Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu, akanichukua yeye, akaniongeza kwenye watoto wake sita walio hai kati ya tisa aliowazaa. Ameniruhusu niandike haya mradi nisitaje jina lake wala la kijiji. Alisema, "Andika, wenye masikio watajua ni wao."

Kila siku ya soko nilimpeleka bila malipo. Alikuwa na gunia lake la katani alilolikunja mara nne, analiweka kwenye kiti kabla ya kupanda. Nilidhani analinda gomesi, gauni lake refu, isishike vumbi na mafuta. Akikaa anakaa upande, mkono mmoja umeshika kiuno changu, na tukikaribia tuta ananigonga mgongoni: "Polepole. Polepole, mwanangu." Nilidhani anaogopa pikipiki. Niliwahi hata kumtania mbele ya wenzangu kwamba amezeeka, zamani alipanda nyuma ya lori la samaki.

Tena nilikuwa nikimwambia aende hospitali. Hapa ndipo ninapojilaumu, si kwamba sikumwambia, bali nilivyomwambia. Nilimuuliza pale stejini, kwa sauti, injini ikinguruma, wanaume kumi na wawili wamekaa juu ya pikipiki zao: "Mama Mkubwa, mbona unatembea hivyo? Nikupeleke hospitali?" Angejibu nini? Alijibu, "Ni mgongo tu," akapanga gunia lake, akapanda.

Mwaka 2020, wakati wa korona, hata hilo likasimama. Bodaboda tulizuiwa kubeba abiria, tukaachiwa mizigo. Mgonjwa alihitaji kibali cha mwakilishi wa rais katika wilaya ndipo asafirishwe, na saa moja jioni kila mtu awe ndani. Nilibeba nyanya, mkaa na sabuni miezi kadhaa. Wazee wetu walitembea kwa miguu au walikaa. Mama Mkubwa alikaa.

Aliyegundua ni mke wangu. Ilikuwa msimu wa kuvuna karanga wa 2022, ule mwaka lita ya petroli ilipopita 6,000 na mimi nikawa nalala nikihesabu. Mke wangu alikwenda kumsaidia kuchambua karanga. Akazunguka nyuma ya nyumba kutafuta ungo, akakuta kamba imeanikwa lesu, na chini ya lesu, imefichwa, safu ya vitambaa vilivyofuliwa. Vingi, kama vya mtoto mchanga. Na ile nyumba haina mtoto mchanga.

Hakuuliza hapo hapo. Alisubiri giza liingie, wajukuu walale, taa ya sola iwe imefifia, ndipo akauliza akiwa bado anachambua karanga, bila kumtazama. Mama Mkubwa alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kizazi kimeshuka. Kinatoka akisimama muda mrefu, akiinua jerikeni, akikohoa, akipita kwenye tuta juu ya pikipiki. Mkojo hausubiri. Kilianza baada ya kitinda mimba wake, na kitinda mimba wake sasa ana watoto wawili.

Nilipoambiwa nilikwenda nje nikaitazama pikipiki yangu.

Kesho yake niliwapeleka kituoni, yeye na mke wangu, na kwa mara ya kwanza nikaingia ndani badala ya kusubiri getini na wenzangu. Walikuwa wamempata sista mtu mzima, mmoja wa hawa waliokaribia kustaafu. Alimpeleka mke wangu na Mama Mkubwa nyuma ya pazia, akatoka baadaye, akanikuta nimeshika kitabu cha Mama Mkubwa. Akaniambia, "Hebu nikione."

Ni daftari la kurasa 48, la mistari, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Kona zimeliwa na mende. Mimi nilidhani halijaandikwa kitu, kwamba Mama Mkubwa hajawahi kukanyaga hospitali kwa ajili yake mwenyewe. Sista akafungua ukurasa baada ya ukurasa. Kichwa: Panadol. Mgongo: diklofenaki ya siku tano. Malaria. Mgongo tena. Mwili kuchoka: vitamini. Tumbo la chini: dawa ya minyoo. Kichwa. Nilihesabu mara saba, mihuri saba, mwandiko wa watu tofauti.

Kwa hiyo alikuwa akienda. Siku za soko, nikishamshusha, alitembea mpaka kituoni, akapanga foleni, akarudi sokoni, nikamchukua, na hakusema. Ukienda kuangalia rejista ya kituo utamkuta, ameandikwa, amehudumiwa, ameondoka na dawa. Mtu wa takwimu atasema huyu mama anatumia hospitali vizuri kabisa.

Baadaye alinieleza ilivyokuwa. Unaingia, nyuma ya meza kuna kijana mpole, umri wa mjukuu wake wa kwanza. Mlango uko wazi kwa sababu ya joto, na benchi la wanaosubiri linaanzia pale pale mlangoni. Anayefuata kwenye benchi ni mke wa shemeji yako. Anayemfuata ni mwanakwaya mwenzako. Kijana anauliza, "Shida ni nini, mama?" na mkono tayari una kalamu. "Nikamtajia kitu kinachotajika," alisema Mama Mkubwa. Mgongo unatajika. Kichwa kinatajika. Yule kijana naye simlaumu sana. Nje kuna watu mia na yuko peke yake, na hakuna aliyemwambia kwamba mwanamke wa miaka 70 akisema mgongo mara tatu, huenda hasemi mgongo.

Sista alisema kituo chake hakiwezi, akaandika rufaa. Sasa hapo ndipo bure inapogeuka kitu kingine. Hospitali kubwa ni safari ya gari, siku mbili au tatu, na mgonjwa haendi peke yake: lazima awe na mtu wa kumpikia, kumfulia, kumkimbilia dawa, wa kulala chini ya kitanda. Lazima abebe beseni, shuka, chandarua, blanketi, sufuria, mkaa kidogo. Binamu yangu aliyeko Kampala alituma 50,000 kwa simu na maneno mengi. Mimi niliuza mbuzi. Mtu akaniuliza kwa nini asitumie pesa za wazee, zile 25,000 za kila mwezi kutoka serikalini. Wakati huo zile zilikuwa za waliofika miaka 80. Kitambulisho cha Mama Mkubwa, kilichoandikwa kwenye lile zoezi kubwa la kuandikisha watu la 2014, kinasema alizaliwa 1955. Yeye anasema Uhuru wa 1962 ulimkuta ameshaanza kupikia nyumba nzima. Kwa kitambulisho hicho pesa zingemfikia 2035.

Hospitalini walimpima presha kwanza, ikawa 190 kwa 110. Kumbe na hilo lilikuwepo, na kwa zile mara saba kitabu hakina hata sehemu moja iliyoandikwa presha. Aliniambia mashine aliiona mara moja mezani, musawo akasema betri zimekufa. Sasa anameza vidonge kila asubuhi, vikiisha kituoni tunanunua, na hilo ni suala la kuandikwa siku nyingine.

Kuhusu kizazi, daktari, mwanamke, alieleza kwa Kiswahili cha polepole kwamba si laana wala si adhabu. Misuli inayoshikilia kizazi inalegezwa na uzazi mwingi na mizigo mizito, halafu hedhi ikikoma mwili unapungukiwa na homoni zilizokuwa zikiipa nguvu. Kwamba wanawake wengi sana wana shida hiyo. Mama Mkubwa alimkatiza hapo: "Wengi kiasi gani?" Daktari akasema, "Mama, leo wewe ni wa tatu, na bado sijanywa chai." Mke wangu anasema ni hapo Mama Mkubwa alipoegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu waingie.

Walimpa njia mbili. Upasuaji, halafu wiki kadhaa bila kuinua kitu kizito. Au pete: duara la mpira laini linaloingizwa ndani kushikilia kizazi, linalotolewa na kusafishwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Upasuaji aliukataa bila kufikiri. Wiki sita nani atachota maji? Niliposema nitachota mimi, aliniangalia kama anavyomwangalia mtoto anayesema atakuwa rais. Akachagua pete. Ilikuwepo siku hiyo, hatukuinunua; glavu tulinunua.

Njiani kurudi, kwenye matatu, akiwa amekaa kwenye kiti bila gunia, aliinama kwa mke wangu akamnong'oneza jambo wakacheka mpaka kondakta akageuka. Niliambiwa usiku. Alisema: "Marehemu hakuwahi kunivisha pete. Serikali ndiyo imenivisha."

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kazi yangu, na wenzangu stejini wananicheka kidogo, ingawa wawili wameanza kuniiga. Siulizi mtu mzima anaumwa nini. Naongea habari za mvua, za mjukuu, za bei ya dagaa, halafu tukiwa njiani, upepo ukivuma na yeye yuko nyuma ambako siwezi kumwona uso, nasema kwamba kituoni kuna sista fulani mtu mzima, anakuwepo Jumanne na Alhamisi, na baada ya saa saba mchana foleni huwa imeisha, benchi tupu. Basi. Nimegundua kuwa mtu akiwa nyuma ya pikipiki husema mambo asiyoweza kuyasema mezani, kwa sababu hamwonani macho. Mmoja aliniambia habari za damu inayomtoka tena miaka kumi baada ya hedhi kukoma, aliniambia tukiwa tunapita daraja, na nilimpeleka kwa sista kabla hajabadili mawazo, sikumshusha hata sokoni. Hiyo ni dalili ambayo haipaswi kusubiri hata wiki moja. Sikujua zamani. Sasa najua na nawaambia kina dada pia.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba mimi si mtu wa kumwingiza ndani. Ni mke wangu. Mwanamke mzee akiingia na mwanaume, hata awe mwanawe wa kumlea, atasema mgongo. Kwa hiyo kwa mama wa kijijini kwetu naongeza kituo kimoja: napita nyumbani, mke wangu kama ana nafasi anapanda pia. Trafiki akitukuta watatu kwenye pikipiki tunamuomba msamaha. Ametusamehe mara mbili, mara ya tatu hakutusamehe.

Mama Mkubwa anakwenda kila miezi mitatu kusafishiwa. Kitabu cha kwanza kimeisha. Alinunua cha pili mwenyewe, chenye jalada la twiga, akamwambia sista aandike vizuri ugonjwa wake, asifupishe. Lile gunia sijui alilipeleka wapi. Bado anabeba jerikeni, tunagombana kila siku, ingawa sasa amekubali ya lita 10 badala ya 20.

Jumanne iliyopita, saa sita na nusu, jua kali, alikuja stejini mama mmoja kutoka vijiji vya ndani, simjui jina. Wenzangu wakaanza kelele zao. Akawapita wote, akasimama mbele yangu, akasema ametumwa kwangu na rafiki yake wa kwaya. Nilimtazama mgongoni kwa mazoea. Hakukuwa na mtoto.

Akatoa gunia kwenye kikapu, akalikunja, akaliweka juu ya kiti.

Nikamwambia tutapita njia ya mchanga ya nyuma. Ni ndefu kidogo, lakini haina matuta.